Dashibodi ikiwa nyekundu msikimbilie kuristati seva

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu mtaikata mnavyojua wenyewe ila naomba msiiguse sehemu ya paswedi.

Safu yenu ya teknolojia wiki iliyopita ilimjibu msomaji ambaye chombo chake cha kufuatilia programu kinagoma kuungana na programu iliyopo kwenye mashine hiyohiyo. Akapewa dawa tatu: aristati seva, azime faiawoli (ukuta unaozuia wageni wa mtandao), na ikishindikana atoe paswedi kwenye poti ya kufuatilia, yaani mlango wa mtandao ambao chombo kinaingilia. Mi kazi yangu ndo hiyo, nahudumia mifumo ya Saccos na zahanati kadhaa huku Morogoro, na kwa kweli lile jibu limenikera kidogo. Dawa ya kwanza inaponya kwa bahati, ya pili kwa tatizo la yule msomaji haihusiki kabisa, na ya tatu ni kumkaribisha mwizi.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo rangi nyekundu. Chombo cha kufuatilia kikisema hakiioni programu kinachokueleza ni kwamba chenyewe kimeshindwa kuifikia, basi, kuhusu uzima wa programu hakijui chochote. Prometheus kwa mfano, hii ambayo vijana wengi wanaitumia siku hizi na ambayo ilianzia SoundCloud kule Berlin mwaka 2012, ina kipimo chake kinaitwa up, ikifanikiwa kusoma namba za programu inaandika 1, ikishindwa inaandika 0, na hiyo 0 inakuja hata kama umekosea herufi moja tu kwenye anwani huku programu yenyewe inahudumia watu vizuri tu. Sasa bosi anaiona 0 kwenye skrini kubwa ukutani anapiga simu, jamaa wa IT anaogopa, anaristati, na tarehe 28 pale Saccos watu wamepanga foleni ya mikopo, keshia alikuwa katikati ya kuingiza marejesho, wote wanatupwa nje wanaanza upya. Afu mteja anaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao wa watu haukuwa na kosa lolote.

Kitu cha kwanza kabla hujagusa chochote ni kuiuliza programu yenyewe. Ingia kwenye seva, piga curl (amri ya kutuma ombi) kwenye anwani yake uone kama inajibu. Kisha andika ss -ltnp, utaona orodha ya poti zilizo wazi na nani anazisikiliza. Hapo angalia sana ile safu ya anwani. Ukiona 127.0.0.1:8080 maana yake programu inapokea wageni wa ndani ya mashine hiyo tu, ukiona 0.0.0.0:8080 inapokea kutoka popote. Watu wengi wanaangalia namba ya poti wanaridhika, kumbe jibu lilikuwa limekaa kushoto kwake.

Halafu soma kosa lenyewe, msilifunge kidirisha haraka. Likisema "connection refused" maana yake mara nyingi ni kwamba mashine imefikiwa vizuri, imejibu, ila kwenye hiyo poti hakuna anayesikiliza. Likikaa muda mrefu halafu likasema "timed out" hapo ndo uanze kuiwaza faiawoli au njia ya mtandao, kwa sababu faiawoli nyingi zinameza ujumbe kimyakimya bila kujibu kitu. Zipo zinazojibu kwa kukataa, sikatai, lakini kama mtu amekataliwa ndani ya sekunde moja sioni kwa nini aanze na kuzima ukuta mzima wa seva.

Sasa turudi kwa msomaji wenu, yeye alisema anatumia JConsole, chombo cha kufuatilia programu za Java, na programu yake ni ya Java, vyote mashine moja. Hapa ndipo niliposhangaa na ushauri wa faiawoli, maana JConsole ikiungana na programu ya mashine hiyohiyo kwa kuichagua kwenye orodha haianzi na poti ya mtandao kabisa. Inaanza na mafaili. Kila programu ya Java ikiwaka inaacha kifaili kwenye folda ya muda, kwa Linux ni /tmp/hsperfdata_ ikifuatiwa na jina la yuza aliyeiwasha, na humo jina la faili ni namba ya prosesi, yaani namba ambayo mashine imeipa programu hiyo ilipowaka. JConsole, jps, VisualVM, zote zinasoma hapo kujua nani yupo hai. Ukitaka kujiunga, chombo kinaweka kifaili kingine kinaitwa .attach_pid na namba ya prosesi, kinaitumia programu signali ya SIGQUIT, programu ikikiona inafungua soketi kwenye /tmp inaitwa .java_pid na namba yake, na hapo ndo mazungumzo yanaanza. Faiawoli hapo iko wapi? Unaweza ukaizima mwaka mzima.

Kinachoharibu mambo hapo ni vitu vichache na vinajirudia kila ofisi ninayokwenda. Cha kwanza yuza. Programu iko ndani ya Tomcat (seva ya kuendeshea programu za wavuti za Java), imewashwa na yuza tomcat, wewe umeingia kwa jina lako, basi hata ukiiona prosesi huruhusiwi kujiunga nayo, na Java 8, ambayo bado imejaa maofisini kwetu, hata root, yuza mkuu wa mashine, inamkatalia. Watu wanasema nimeweka sudo bado imegoma, ndiyo, itagoma, yenyewe inataka yuza yuleyule. Unaandika sudo -u tomcat jcmd (jcmd ni amri ya kuongea na Java inayoendeshwa) na namba ya prosesi, inajibu. Kwenye Windows ni hivohivo, Tomcat ikiwekwa kama sevisi inaendeshwa na akaunti ya mfumo na folda yake ya muda sio yako, ndo maana unafungua JConsole kwenye dawati lako orodha iko tupu au jina limefifia halibonyezeki. Hapo wengi wanatumia PsExec, zana ya Windows ya kuwasha programu kwa akaunti nyingine, na ile -s ili waifungue JConsole kwa akaunti ya mfumo.

Cha pili ndo kinachowatesa watu zaidi na sijawahi kukiona kikiandikwa gazetini kwa Kiswahili kwa hiyo nikae hapo kidogo. Systemd, msimamizi wa sevisi kwenye Linux, ina mpangilio unaitwa PrivateTmp. Ukiwashwa, sevisi inapewa /tmp yake peke yake, imefichwa ndani ya folda ndefu inayoanza na systemd-private, na inaamini hiyo ndo /tmp ya mashine nzima. Tomcat 9 ya Debian na Ubuntu ukiiweka kwa apt inakuja na hiyo imewashwa tayari. Ni jambo zuri kiusalama, simlaumu aliyeiweka. Ila fikiria kinachotokea: programu inaandika kifaili chake kwenye /tmp yake, wewe na jcmd yako ya Java 8 mnaangalia /tmp ya mashine, hakuna kitu. Jcmd inakwambia haikupata soketi, prosesi haijibu. Prosesi inajibu sana tu, imefungua soketi kabisa, inakusubiri chumba kingine. Kuanzia Java 10 chombo kimefundishwa kupita kwenye /proc kuingia kwenye folda za prosesi yenyewe kwa hiyo tatizo limepungua, lakini kwa wa 8 unaandika systemctl show tomcat9 -p PrivateTmp, ukiona yes basi umempata mchawi, na unaweza kuingia na nsenter -m -t ukaweka namba ya prosesi, ukiwa mle ndani unajibadilisha kuwa yuza wa programu, maana nsenter inakuacha ukiwa root, na jcmd inafanya kazi kama kawaida. Hakuna kuristati chochote.

Kuna ofisi moja niliitwa baada ya fundi mwingine kushindwa, sitaitaja. Mfumo ulikuwa mzito kila ikifika saa nne asubuhi na wao walitaka kuona nyuzi za programu (kazi zinazokwenda sambamba ndani yake) zinakwama wapi. Yule fundi kila chombo kilipogoma aliristati Tomcat, mfumo unakuwa mwepesi kwa muda, anaandika kwenye ripoti tatizo limetatuliwa, kesho yake saa nne vilevile. Nilipoingia nikafanya hiyo ya nsenter wakati mfumo umeelemewa hivohivo, nikatoa orodha ya nyuzi kwa Thread.print ya jcmd, nyuzi karibu zote zimesimama mstari mmoja zinasubiri koneksheni ya database, na aliyezishika zote ni ripoti moja ya uhasibu ambayo mtu alikuwa anaifungua kila asubuhi na haizirudishi. Ushahidi wote huo ulikuwa unafutwa kila ukiristati. Hili ndo linaloniuma kwenye dawa yenu namba moja, kuristati kunafuta kilekile ulichokuja kukitafuta.

Na kwa nini wakati mwingine kuristati kunaponya kweli? Kwa sababu ya cha tatu, kufagia. Seva nyingi za Linux zina kazi inayopita kwenye /tmp kufuta mafaili ya zamani, mpangilio wa kawaida unaokuja na systemd ni siku 10. Seva ambayo haijazimwa miezi mitatu, kile kifaili cha hsperfdata au ile soketi imeshafagiwa, programu yenyewe haina habari inaamini bado ipo, na kwa Java za zamani haitaitengeneza tena mpaka iwashwe upya. Ukiristati kifaili kinarudi, JConsole inaona, unasema seva ilikuwa imechoka. Haikuchoka. Waweke mpangilio mdogo kwenye tmpfiles.d wa kuacha hizo njia zisifagiwe na hawatauona tena huo ugonjwa.

Vipo na vya kujitakia, kama mtu aliweka -XX:+DisableAttachMechanism kwenye amri ya kuwasha, hapo umezuia mwenyewe, au -XX:-UsePerfData na hapo kwenye orodha ya jps haitokei. Soma amri ya kuwasha programu kabla hujamlaumu mtu.

Sasa kuna kundi la pili la watu, wa makontena, yaani programu zilizofungiwa kila moja kwenye kisanduku chake ndani ya mashine, na hawa wanalia kilio kilekile kwa sababu nyingine. Ameweka Prometheus ndani ya kontena la Docker, programu iko nje kwenye mashine, kwenye mpangilio ameandika localhost:8080, inakataa. Anapiga curl localhost:8080 kwenye mashine, inajibu. Anachanganyikiwa. Ndugu yangu, localhost ni kama mtu akisema naenda nyumbani, wewe wa Kihonda ukilisema na mimi wa Mazimbu nikilisema kila mmoja anaishia kwake. Prometheus ikisema localhost inaishia ndani ya kontena lake na mle hakuna programu yako. Kuanzia Docker 20.10 kwenye Linux unaongeza --add-host=host.docker.internal:host-gateway halafu kwenye mpangilio unaandika host.docker.internal badala ya localhost. Na hata hapo usishangilie mapema, kama programu yako inasikiliza 127.0.0.1 peke yake bado itakataa, maana ujumbe wa kontena unafika kupitia anwani ya daraja la Docker, kwa kawaida 172.17.0.1, kwa hiyo lazima programu isikilize na hapo pia.

Na hapa ndo nikiri upande wa safu yenu, hapa faiawoli inaweza kuhusika kweli, ufw (faiawoli ya Ubuntu) ikiwa imewashwa inaweza kuzuia ujumbe unaotoka kontena kwenda mashine na kosa utakaloliona ni lile la kusubiri mpaka muda unaisha. Lakini suluhisho lake ni mstari mmoja, ufw allow from 172.17.0.0/16 to any port 8080, unafungua mlango mmoja kwa mgeni mmoja. Kama unatumia Docker Compose, ya kuwasha makontena kadhaa pamoja, mtandao wake una anwani nyingine, angalia kwanza kwa docker network inspect. Kuizima yote kwa sababu ya poti moja mimi siwezi kumshauri mtu hata akiwa na haraka vipi.

Kingine kidogo, kuna ofisi zina proksi ya intaneti (mashine ya kati ambayo maombi yote ya intaneti yanapitia) na imewekwa kwenye mazingira ya seva, basi chombo kinatuma hata ombi la programu ya ndani kwenye proksi, proksi inasema haijui unaongelea nini. Weka localhost na anwani za ndani kwenye no_proxy yakaisha.

Haya, paswedi. Hii naomba wasomaji wenu waisome hata kama huko juu kote wamenipita. Java ikifunguliwa ifuatiliwe kwa mbali, kupitia JMX (njia ya Java ya kufuatiliwa na kuamriwa), mafundisho mengi yaliyozagaa yanakwambia uandike authenticate=false na ssl=false ili iwe rahisi. Poti hiyo ikiwa wazi kwa nje bila paswedi, anayeifikia haishii kusoma grafu za memori, anaweza kuiambia hiyo Java ipakie kodi yake na kuiendesha ndani ya seva yenu, na hiyo njia inajulikana kwa miaka mingi, zana za kuifanya zipo tayari kwa yeyote. Sasa ndani ya seva ya Saccos kuna nini? Majina, namba za NIDA, simu, mishahara, nani anadaiwa shilingi ngapi. Kwenye seva ya zahanati sisemi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na ukivujisha taarifa za wanachama sidhani kama kusema nilikuwa nataka kuona grafu kutakusaidia.

Na kinachochekesha ni kwamba mara nyingi paswedi wala haikuwa tatizo. JMX ya mbali ina tabia moja mbaya, ukigonga poti uliyoiweka, tuseme 9010, inakujibu vizuri halafu inakuelekeza kwenye poti ya pili ambayo inaichagua yenyewe kwa kubahatisha, na inakupa na anwani ya kwenda, na anwani hiyo inaitoa kwa kuangalia jina la mashine. Debian na Ubuntu kwenye faili la /etc/hosts zinaweka jina la mashine kwenye 127.0.1.1. Kwa hiyo wewe uko kwenye laptopu yako, seva inakwambia njoo 127.0.1.1, laptopu inajigonga yenyewe, inakataliwa, na wewe unaona kosa la kuungana unaanza kutoa paswedi na kuzima faiawoli. Unaweza ukatoa na mlango wa chumba cha seva bado itagoma.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Naweka com.sun.management.jmxremote.port na com.sun.management.jmxremote.rmi.port zote kwenye namba moja, hiyo ya pili ipo tangu Java 7 toleo dogo la 4, na java.rmi.server.hostname naiwekea localhost. Paswedi inabaki palepale. Poti haifunguliwi nje kabisa. Halafu kutoka kwenye laptopu naandika ssh -L 9010:localhost:9010 na anwani ya seva, hiyo inapitisha poti ya seva ndani ya njia salama ya ssh, naiacha hiyo dirisha wazi, nafungua JConsole naiambia localhost:9010, inaingia. Faiawoli imewaka, paswedi ipo, hakuna aliyetupwa nje ya mfumo, na keshia hana habari kama kuna mtu anachungulia.

Najua kuna watakaosema hii ni ndefu na mteja yuko juu ya kichwa chako anataka kijani kirudi. Naelewa, nimefanya kazi hizo na simu ya bosi inaita mfukoni. Lakini curl na ss kwa pamoja hazichukui hata muda wa Tomcat kuwaka upya, na kwa mashine nyingi za maofisini kwetu Tomcat kuwaka upya ni safari ya kwenda kunywa chai na kurudi.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni dogo. Safu ya Jumamosi hii mumwambie yule msomaji, na wengine waliofuata ushauri ule, kama walizima faiawoli waiwashe, na kama walitoa paswedi kwenye JMX wairudishe leo kabla ya kuendelea kutafuta tatizo. Halafu aangalie Tomcat yake inaendeshwa na yuza gani na kama PrivateTmp imewashwa, akikwama aandike tena gazetini akitaja toleo la Java na kosa lenyewe kama lilivyo kwenye skrini, maana mara ya kwanza alisema tu haiungani.

Fundi wa mifumo, Morogoro